Komeo la Wikio

Watu wamenichosha na neno moja: kadari. Nikinyamaza, kadari. Nikilia, kadari. Shangazi yangu alikuja kutoka Kidichi na pakacha la mashelisheli, na kabla hajavua buibui akaniambia, "Usijipe tabu, mwanangu, ilikuwa imeandikwa." Nikamjibu kuwa yaliyoandikwa siyajui, ninachojua ni kuwa mkono uliotia komeo ni huu. Akaniangalia kama nimekufuru. Sikukufuru. Nilisoma Kurani chuoni nikahitimu, nikasoma na skuli mpaka darasa la mwisho lililokuwapo kwa watoto wa kike, na kote huko sikufunzwa kuwa Mungu ndiye aliyenishika mkono siku ile.

Basi nitaeleza ilivyokuwa, na sitajipunguzia.

Nyumba yetu iko mjini, ndani ndani, pale vichochoro vinapobana mpaka baisikeli mbili hazipishani. Ghorofa ya pili imeungwa na nyumba ya jirani kwa wikio, kijichumba cha kupitia kilichojengwa juu ya kichochoro, chenye mlango upande wetu na mlango upande wao. Waliozijenga nyumba hizi walikuwa ndugu. Sisi tuliokuja baadaye hatukuwa na udugu wowote, lakini wikio lilibaki na kazi yake ikabaki ile ile: mwanamke akiishiwa na chumvi hana haja ya kuvaa buibui wala kushuka ngazi arubaini. Hupita tu. Ukipiga hodi kwenye wikio unaulizwa umegombana na nani.

Ng'ambo ya wikio alikaa shoga yangu. Tuliolewa mwaka mmoja, tukazoeana tangu wiki ya kwanza, sote wageni katika nyumba za watu. Mimi nilipata binti. Yeye alikuwa ameshazika wawili. Mmoja alitoka kabla ya wakati wake, mmoja alizaliwa mzima mchana mmoja ambao kwao na kwetu hapakuwa na mtu, na mpaka mtu alipofika mtoto alikuwa ameshakufa. Sasa alikuwa na mimba ya tatu. Siku aliyonambia alinishika mkono akanibana.

"Sikuombi kitu, shoga. Nakuomba nisiachwe peke yangu."

Tukapanga. Mlango wa chini wa nyumba yao unatokea kwenye kichochoro kilichozibwa upande mmoja. Kufika barabarani sharti uzunguke nyuma ya msikiti. Mlango wetu unatokea barabarani hasa, na chini yetu kuna duka la nguo la Mhindi mwenye simu. Mkunga naye anakaa mlango wa tatu kutoka kwetu. Kwa hiyo siku ikifika, mama mkwe wake apite kwenye wikio aniite, mimi nishuke kwa Mhindi na kwa mkunga, yeye arudi kukaa na mkwewe. Nikamwambia nitashuka hata bila ya viatu.

Mama mkwe huyo ndiye Bibi wa hadithi hii. Alikuwa mjane, magoti yake mabovu, midomo myekundu ya tambuu, na ulimi ambao kama ungekuwa kisu usingehitaji kunolewa. Mimi jina langu kwake lilikuwa Bi Skuli, kwa sababu nilichemsha maji ya mtoto kama alivyoniagiza nesi wa kliniki. Kila akipita jikoni kwangu alikuwa na neno.

"Bi Skuli, leo umechemsha nini? Na chumvi umeichemsha?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mimi nimezaa saba na kisima kile kile, wamekufa wawili tu."

Yeye kwake wawili ilikuwa "tu." Nilicheka, sikumjali.

Asubuhi moja nilikuwa juu ya paa nnaanika nepi. Mtoto alikuwa na miezi minane, usiku kucha amelia, nimemwacha amelala mkekani. Niliposhuka nilimkuta Bibi amekaa juu ya mkeka wangu, mwanangu mapajani, anamnywesha kwa kijiko. Pembeni palikuwa na sahani nyeupe yenye mabaki ya zafarani. Ilikuwa kombe: aya zimeandikwa kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, na maji yakanyweshwa mgonjwa.

"Maji haya umeyatoa wapi, Bibi?"

"Kisimani. Ya nini kuuliza? Mtoto kaingiwa na jicho, humwoni alivyolegea?"

"Umemnywesha mwanangu maji ya kisima?"

"Nimemnywesha maneno ya Mungu. Au nayo yanataka kuchemshwa?"

"Maneno ya Mungu hayana taabu. Kisima kina vyura."

Siku ya pili mtoto akaharisha. Siku ya tatu akatapika kila alichonyonya. Siku ya nne macho yalimzama na utosi ukabonyea, nikawa nimekaa kwenye benchi la spitali na kitu mikononi mwangu chepesi kama kitambaa. Alipona. Nesi aliniambia huenda ni maji, huenda ni meno, watoto wengi wanaumwa wakati huu. Mimi sikutaka kusikia huenda. Nilikuwa nimeshampata wa kumlaumu, na nilimtaka yeye.

Nilirudi nyumbani nikaenda moja kwa moja kwenye mlango wa wikio. Upande wao komeo lilioza zamani. Upande wetu lilikuwapo la chuma, lina kutu, halijaguswa miaka. Nikalipiga kwa mchi wa kinu mpaka likaingia, na kila pigo lilinipa raha. Kisha nikapiga kelele nikiweka mdomo karibu na ubao ili nisikike.

"Mlango huu umefungwa! Anayetaka kuua mtoto akaue wa kwake!"

Nilidhani nasema na Bibi. Aliyekuwa amesimama upande wa pili alikuwa shoga yangu, amekuja kuuliza hali ya mtoto na bakuli la uji mkononi. Hilo nililijua baadaye.

Mume wangu aliporudi kazini aliliona komeo.

"Utalifungua lini?"

"Siku nitakayotaka."

"Jirani ndiye wa kwanza kukufikia, mke wangu."

"Basi na apite njiani kama watu wengine."

Akaliacha komeo lilivyo. Yeye ni mtu wa kungoja upepo upite. Siku nyingine nnatamani angelivunja.

Kuhusu ahadi yangu niliifikiria, sitasema niliisahau. Nilihesabu. Shoga yangu aliniambia ana miezi sita, na hiyo ilikuwa wiki tatu nyuma, kwa hiyo nilijiona nna nafasi. Nitaadhibu kwa mwezi mmoja, nikasema, kisha nitafungua. Nilitumia neno hilo hilo moyoni, kuadhibu.

Siku ya tisa ya komeo, saa nne asubuhi, wanaume wako makazini, nilikuwa nnamwogesha mtoto kwenye beseni ukumbini. Mlango wa wikio ukagongwa mara tatu, polepole, kwa mgongo wa mkono. Shoga yangu hagongi hivyo. Yeye hukwaruza kwa kucha. Nikamjua aliyekuja.

"Nani?"

"Mimi, mwanangu. Fungua."

Mwanangu! Mimi niliyekuwa Bi Skuli. Nikaona kaja kuomba radhi, na aje, lakini kwanza angoje kama nilivyongoja mimi kwenye benchi.

"Nnaogesha mtoto!"

"Fungua kidogo, nna haja nawe."

"Subiri, Bibi! Maji yangu nshayachemsha, yasije yakapoa!"

Kisha akagonga tena, na sauti yake ilikuwa ile ile ya chini, kama mtu anayezungumza msikitini. "Fungua, kwa haki ya Mungu."

Sikufungua. Siku ile nilimwogesha mwanangu kuliko siku yoyote. Nilimsugua kati ya vidole vya miguu, kimoja kimoja. Nilimrushia maji tumboni, akacheka, nami nikacheka kwa sauti ili anayengoja asikie kuwa huku hakuna haraka. Nikamfuta, nikampaka poda, nikamvisha. Kugonga kulikuwa kumekwisha. Nilifurahi. Naliandika hili kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote: nilifurahi.

Ndipo nikasikia sauti nyingine kutoka ng'ambo ya wikio. Ilikuwa sauti ya mtu anayelia na nguo mdomoni. Naijua sauti hiyo. Miezi minane nyuma niliitoa mimi.

Nikamweka mtoto chini nikaliendea komeo. Halikutoka. Mikono yangu ilikuwa na maji na sabuni, na mimi mwenyewe ndiye niliyelipiga mpaka mwisho. Nikautafuta ule mchi, nikalipiga kwa chini, nikajiponda kidole, likatoka. Wikio lina hatua sita. Nilizikimbia.

Shoga yangu alikuwa sakafuni pembeni ya kitanda, kanga kaiuma kwa meno, peke yake. Mtoto alikuwa ameshatoka. Alikuwa na rangi ya zambarau, kitovu kimemzonga shingoni, na hakuwa akilia. Mama yake aliniangalia.

"Mtoto," alisema. Hilo tu.

Nikakizongoa kitovu. Nikampangusa mdomo kwa kidole, nikamgeuza kichwa chini kama nilivyoona mkunga akimfanya wangu, nikamsugua mgongo. Hakulia. Nikamsugua tena. Niliomba, lakini haikuwa dua yoyote niliyofunzwa. Nilisema, Yaa Rabbi, chukua chochote changu, na hata pale, na mtoto wa mwenzangu amelegea mikononi mwangu, sikuthubutu kutaja nini. Sijui ilipita muda gani. Wapo wanaosema ni kitambo kidogo. Hawakuwapo.

Kisha akatoa mlio mdogo, kama wa paka aliyefungiwa nje.

Bibi alirudi kupitia kwangu. Alikuwa ameshuka ngazi za nyumba yao kwa kukalia, kidato baada ya kidato, kwa sababu ya magoti. Akazunguka nyuma ya msikiti, akapita mbele ya wanaume waliokaa barazani, hana buibui, hana viatu, na kanga moja kichwani. Mwanamke yule tangu alipovunja ungo hakuwahi kuonekana njiani bila ya buibui. Mhindi alipiga simu, mkunga akaitwa, na Bibi akapanda ngazi zangu, akapita mlango wa wikio uliokuwa wazi na komeo lake linaning'inia. Akasimama kizingitini miguu ikimtoka damu.

"Kazaliwa?"

"Kazaliwa, Bibi."

"Analia?"

"Analia kidogo."

Akakaa chini. Mkunga akaingia, akanisukuma pembeni.

Waliwachukua spitali mama na mtoto, wakakaa siku kumi na mbili. Waliporudi nilipita kwenye wikio na sahani ya mkate wa mchele. Nilimkuta Bibi mlangoni kwao, kakaa juu ya kigoda kama askari.

"Shikamoo, Bibi."

Hakuitikia. Mzee akikataa kuitikia shikamoo yako, unabaki umesimama nayo, hujui uiweke wapi.

"Bibi, mbona hukusema? Ungesema tu anazaa, ningeuvunja mlango."

"Uchungu hautangazwi. Kila sikio linaloujua humwongezea mzazi saa ya uchungu. Nipige kelele kichochoro kizima kijue?"

"Na mimi mwezi wake sikuujua! Mlinambia sita!"

"Jicho lilishatula wawili. Ulitaka tumtangaze wa tatu? Alikuwa mwezi wake wa tisa."

"Hata mimi mkanificha? Mimi?"

"Wewe nani? Wewe uliyetwambia tukaue wa kwetu?"

Yeye akatema tambuu kwenye kopo, akafuta mdomo, akanitazama sawasawa.

"Mimi nilimpa mwanao kombe nikitaka apone. Wewe komeo ulilitia ukitaka nini?"

Skuli walinifunza kujibu maswali. Nilirudi na mkate wangu, na kwa mara ya kwanza nikakaa nikafikiri kuwa yeye na mimi tulifanya kitu kimoja, kitu kidogo, kila mmoja ndani ya dakika chache, na kila kimoja kikaenda kisikotumwa. Tofauti yetu ni ile aliyoisema. Chuoni tulikariri kuwa amali ni kwa nia. Nilikariri vizuri, nilipata sifa.

Mtoto ni wa kiume. Ananyonya, ananenepa, anamfuata mama yake kwa macho. Lakini mkono wake wa kulia ameufumba. Wa kushoto anaukunjua kama watoto wote, anashika nywele, anashika kanga. Wa kulia ngumi, na bega lake zito. Daktari wa spitali alisema huenda ni ile hewa aliyochelewa kuipata, huenda ni kitu cha tumboni kabla hata ya uchungu kuanza. Nilikwenda mwenyewe kumwuliza. Nilimwuliza kwa Kiingereza changu cha skuli ili asinipunguzie. Ningefungua mlango ulipogongwa mara ya kwanza, mkono huu ungekuwa mzima? Akasema hawezi kujua. Nikamwuliza tena. Akasema hakuna mtu anayeweza kujua.

Nilitoka pale na ghadhabu ambayo bado ninayo. Angesema ndiyo, ningejua nimebeba nini. Angesema hapana, ningelala. Huenda! Neno lile lile nililolikataa kwa nesi, nikamhukumu mwanamke mzee, sasa nimepewa mimi nikae nalo.

Watu wanaponiambia nimwachie Mungu, nnajua wanataka ninyamaze. Lakini nimelifikiria, kwa sababu sina jengine la kufikiri. Kumwachia Mungu si kumsukumia. Nikisema Yeye ndiye aliyefunga mlango, nimemzulia. Nikisema mimi ndiye niliyeufumba mkono wa mtoto, huenda nimejipa uwezo nisiokuwa nao. Kati ya hapo pana pahala pembamba pa kusimama, na sijapazoea. Nikisali nnasema, Mola wangu, komeo nakiri, na mkono ni wako. Siku nyingine nnaimaliza dua hiyo. Siku nyingine nnakwama kwenye komeo.

Siku ya arubaini walifanya shughuli ndogo, maulidi ya wanawake, udi, halua na kahawa. Sikualikwa. Kwenda nilikwenda. Nilikaa nyuma karibu na mlango wa wikio. Wageni walipotawanyika shoga yangu alinijia, mtoto kampakata. Tangu siku ile hatukuwa tumesemezana.

"Nilikusikia ukicheka na mwanao," alisema.

Nikasema, "Ndiyo."

"Nilikuwa sakafuni nnakusikia unacheka."

"Ndiyo, shoga."

Alisimama kidogo, kama anayengoja nijitetee. Ningejitetea angenifukuza, nnamjua. Akanipita akaingia chumbani. Hakuniambia nitoke.

Siku ya pili yake, baada ya alasiri, nilikuwa ukumbini nnapepeta mchele. Nikasikia magoti ya Bibi kwenye wikio. Yanalia kabla mwenyewe hajafika. Mlango sikuufunga tena tangu siku ile, na komeo mume wangu alilichomoa. Bibi akaingia bila ya hodi, na mtoto begani, akaniwekea mapajani juu ya kanga yenye makapi ya mchele. Akatoa kichupa cha mafuta ya nazi kifuani mwake akakiweka chini.

"Nesi kasema akandwe mkono kila siku, vidole vikunjuliwe kimoja kimoja. Mama yake akimgusa, mtoto analia, na yeye analia. Mimi mikono yangu inatetemeka." Akakaa juu ya mkeka wangu, pale pale alipokaa siku ya kombe. "Kunjua."

"Bibi, nisije nikamwumiza."

"Utamwumiza. Kunjua."

Nikatia mafuta kiganjani. Nilianza na kidole kidogo. Kilikuwa kigumu kuliko nilivyodhani, na ndani ya kiganja chake kulikuwa na ule uchafu mweupe wa mkono uliofumbwa. Mtoto akalia. Binti yangu akaja akitambaa, akamshika mguu, akamtazama. Nikakinyoosha kidole cha kwanza, nikakishika, nikahesabu mpaka kumi kama nesi alivyoagiza. Nilipokiachia kikajifumba.

"Mafuta umeyachemsha?" Bibi aliuliza.

Nilimtazama. Hakuwa akicheka.

"Hapana, Bibi."

"Haya. Cha pili."

Sasa ni mwezi wa tatu wa kumkanda. Anamleta kila siku, hata Ijumaa, hata siku ya mvua kubwa ambayo wikio linavuja. Shikamoo yangu huitikia siku akipenda. Shoga yangu hupita pia, huazima kibiriti, hukirudisha. Hatukai tukazungumza kama zamani. Juzi kidole cha shahada kilibaki kimenyooka baada ya kukiachia, nikahesabu mpaka kumi na nne. Jana kilijifumba mara moja. Leo bado hajaletwa. Mafuta nimeshayaanika juani yayeyuke, na mlango uko wazi.